Kasuku na kamba yake: historia ndogo iliyoanzia kwetu msituni

Mwezi huu tumechelewa kuandika kwa sababu tulikuwa tunabishana, na ubishi wenyewe ulianza na video ya sekunde 40 tu.

Mwenzetu mmoja aliyepata kesi ya kuhamia Marekani ndiye alitutumia video hiyo. Kuna mama mzee wa Kizungu amekaa kwenye bustani ya mji, na juu ya mkono wake yuko kasuku. Si wa kijani, hapana. Ni kasuku wetu kabisa, wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili. Amevaa mikanda miembamba: mmoja unazunguka shingo, mwingine unapita kifuani chini ya mabawa, kama vile mikanda ya mkoba wa shule. Mgongoni mna kamba nyembamba inayokwenda mpaka kiunoni kwa yule mama. Halafu kasuku anaruka. Anazunguka juu ya majani, hatua chache tu, anarudi, anatua mkononi, anapewa kitu anakula. Video imekwisha.

Nusu yetu tulicheka. "Wazungu bwana, hata ndege anavaa mkoba!" Nusu nyingine hawakucheka. Mmoja akasema kitu kilichotunyamazisha: "Yule wa kwetu angekuwa na mikanda kama hiyo, asingevunjika mguu."

Kuna watatu kati yetu tuliotoka mtaa mmoja, na tunamkumbuka yule wa kwetu. Alikuwa kasuku mchanga, macho bado meusi (akikomaa macho yanakuwa ya njano, ndiyo unajua umri wake). Mwenye duka la sabuni na chumvi alimnunua, akamfunga mguu kwa uzi wa kuvulia samaki, upande wa pili akaufunga kwenye msumari wa nguzo. Tukitoka shule tulipita kumsikiliza akipiga mluzi. Siku moja aliruka kwa nguvu zake zote, uzi ukafika mwisho, mguu ukavunjika. Akaning'inia kichwa chini, anapigapiga mabawa, na sisi tumesimama. Alikufa siku ya tatu.

Kwa miaka mingi tulisema alishtuliwa na pikipiki. Haikuwa pikipiki. Ni sisi tulimpigia makofi wote kwa mara moja, tulitaka kuona kama anaweza kuruka.

Basi tukaamua historia ya mwezi huu iwe hiyo: binadamu alimfunga vipi kasuku tangu zamani, na kwa nini ilichukua muda mrefu hivyo kufika kwenye ile mikanda ya bustanini. Tulifikiri ni hadithi ya Ulaya na Marekani. Kumbe inaanzia kwetu.

Kasuku wa kijivu ni ndege wa misitu ya Afrika, kuanzia upande wa magharibi kwenye Ghuba ya Guinea, kupita Kongo yote ya msituni, mpaka Uganda na kipande kidogo cha Kenya magharibi, msitu wa Kakamega. Anakula matunda ya mti, sana sana ngazi za mawese. Anataga kwenye shimo la mti mrefu, juu kabisa, na makinda wanakaa humo karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Jioni wanakusanyika kulala pamoja, mamia kwa mamia, kelele yao unaisikia kabla hujawaona. Hiyo tabia ya kupenda kuwa wengi ndiyo iliwaponza.

Hapa kwenye makazi yetu kuna mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mtegaji upande wa Maniema. Tulimfuata na simu yetu, tukamuonyesha video, tukamuomba atueleze kazi ilivyokuwa. Alieleza bila kujificha. Unapata kasuku mmoja aliye hai, unamweka juu ya mti kama chambo, aite wenzake. Kwenye matawi unapaka ulimbo. Wenzake wakisikia sauti wanashuka kumfuata, miguu inanasa, mabawa yananasa. Unapanda kuwatoa mmoja mmoja, na pale pale unakata manyoya marefu ya bawa ili hata akikuponyoka asifike mbali. Njia nyingine ni kupanda mpaka kwenye shimo na kutoa makinda. "Kasuku aliniuma hapa," alisema, akatuonyesha kidole ambacho hakikunjiki vizuri.

Kutoka pale wanawekwa kwenye vikapu na masanduku, wanabebwa kwa mtumbwi, kwa baiskeli, kwa pikipiki, mpaka mjini, kisha kwa ndege (sasa hii ni ndege ya chuma, msichanganye) kwenda Kinshasa na mbele zaidi. Wengi hufa njiani kwa kiu, joto na msongamano. Mzee alisema hawakuhesabu waliokufa, walihesabu waliofika.

Sasa twende mbali kidogo, halafu tutarudi.

Kasuku wa kwanza waliojulikana Ulaya hawakutoka Afrika, walitoka India. Ni wale wa kijani wenye mkia mrefu. Mpaka leo kuna aina moja inayobeba jina la Aleksanda Mkuu, yule mfalme wa Makedonia aliyefika India na jeshi lake karne ya 4 kabla ya Kristo. Warumi waliwapenda kwa sababu wanasema maneno. Lakini walivyowafundisha! Mwandishi wao Plinio, wa karne ya kwanza, aliandika kwamba kichwa cha kasuku ni kigumu kama mdomo wake, kwa hiyo wakati wa kumfundisha kusema anapigwa kichwani na fimbo ya chuma, la sivyo hasikii kipigo. Tuliposoma hiyo tukatazamana. Wengine wetu tulijifunza kusoma kwa mtindo huo huo.

Kasuku wa kijivu aliingia Ulaya kwa wingi baada ya Wareno kufika pwani ya Afrika Magharibi karne ya 15. Mabaharia waliwabeba. Alikuwa mali ya matajiri. Karne ya 17 wachoraji wa Uholanzi walipenda kumchora akiwa ndani ya nyumba nzuri, mwanamke mwenye nguo ya gharama anamlisha. Uingereza kulikuwa na Frances Stuart, mke wa mtemi mkubwa wa Richmond. Alifuga kasuku wa kijivu miaka mingi. Mama huyo alikufa mwaka 1702, na kasuku wake akafa siku chache tu baadaye. Walimkausha ndege, na mpaka leo yuko London, kwenye kanisa la Westminster Abbey, pamoja na sanamu ya nta ya mwenye nyumba wake. Hebu fikirieni: kuna ndege wa kutoka misitu ya Afrika amekaa kwenye kanisa la wafalme miaka zaidi ya 300.

Na wote hao walifungwa vipi? Kwa njia mbili: kizimba, au mnyororo wa mguuni. Ukitaka kuona mnyororo wenyewe ulivyokuwa, kuna picha maarufu ya Carel Fabritius ya mwaka 1654, iko The Hague. Ndani yake si kasuku, ni ndege mdogo wa Ulaya, lakini mnyororo ni ule ule: mwembamba sana, umetoka mguuni unaning'inia kwenye kijiti. Ndege wa aina hiyo walifundishwa kuvuta maji ya kunywa kwa kindoo kidogo, watu wacheke. Ukiangalia ile picha haraka hauoni mnyororo. Ukiuona, huwezi tena kuacha kuuona.

Hapa mmoja wetu aliyeishi Oman na mjomba wake akauliza swali zuri. Waarabu wanafunga kozi mguuni kwa ngozi tangu zamani, na kozi havunjiki. Kwa nini kasuku avunjike?

Tulifuatilia. Ni kweli ufugaji wa kozi ni elimu ya zamani sana, na Waarabu ni walimu wake. Hata mfalme wa Ulaya Frederick wa Pili, aliyekufa mwaka 1250 na kuandika kitabu kikubwa juu ya kozi, alijifunza kwa Waarabu matumizi ya kile kikofia cha kufunika macho ya ndege. Lakini tazameni kazi ya mkanda wa kozi. Kamba ya kumfungia kwenye kituo chake ni fupi, makusudi, ili akishtuka asipate nafasi ya kuongeza mwendo. Na akienda kuwinda anafunguliwa kabisa, anaruka huru, anarudi kwa sababu anajua kwa mwenyewe kuna nyama. Mfugaji wa kozi hamrushi ndege wake na kumkamata kwa mguu hewani kila siku.

Kasuku ni kiumbe mwingine. Mguu wake ni mfupi, umetengenezwa kwa kupanda na kushika chakula kama mkono. Akishtuka haangalii, anaruka tu kwa nguvu zote. Kamba ikiwa ndefu anapata mwendo, ikifika mwisho uzito wote wa mwili unavutwa na mfupa mmoja mwembamba kama njiti. Isitoshe, ana mdomo unaovunja kokwa la mawese: mkanda wa ngozi anaumaliza asubuhi moja. Kwa hiyo watu wakahamia kwenye chuma, na chuma kikakata ngozi ya mguu. Uzi wa samaki wa yule mwenye duka wetu ulikuwa na makosa yote kwa pamoja: mrefu, mwembamba na haunyooki hata kidogo.

Karne ya 20 ilileta njia ya tatu, na hii ndiyo iliyowafikia kasuku wengi kuliko mnyororo. Kukata mabawa. Si kukata nyama, ni kukata yale manyoya marefu ya nje, kama unavyokata kucha. Hayaumi, na baada ya miezi yanadondoka yenyewe na mapya yanaota. Kwa muuzaji ilikuwa rahisi: mkasi, dakika mbili, ndege haendi popote. Madukani Marekani na Ulaya likawa jambo la kawaida.

Ubaya ulionekana polepole. Kinda aliyekatwa kabla ya kujifunza kuruka hajui kutua, anaanguka kama jiwe, anapasua ngozi na mfupa wa kifua. Wengine wanakua bila kujiamini, wanajing'oa manyoya wenyewe. Na kitu ambacho wenye ndege wengi hawakukijua: kasuku aliyekatwa bado anaweza kubebwa na upepo. Anatolewa nje "kwa sababu hawezi kuruka", mbwa anabweka, upepo unampandisha mpaka juu ya mti wa jirani, na pale hajui namna ya kushuka.

Wakati huo huo biashara ilikuwa imekua mno. Kati ya mwaka 1975 na 2013, kwa hesabu za serikali zenyewe, kasuku wa kijivu zaidi ya milioni 1 waliokamatwa msituni waliuzwa nje ya nchi zao. Hao ni wale walioandikwa kwenye karatasi. Wa magendo hawamo, na waliokufa kwenye vikapu hawamo. Ghana, ambako zamani walijaa, watafiti waliorudi kuhesabu walikuta karibu wote wameisha, zaidi ya asilimia 90 hawapo. Kakamega waliobaki ni wa kuhesabu.

Sheria zilikuja nyuma, kama kawaida ya sheria. Mkataba wa kimataifa wa kusimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, CITES, ulimweka kasuku wa kijivu kwenye orodha ya kuangaliwa mwaka 1981, na biashara ikaendelea na vibali. Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ndege wa porini mwaka 1992. Ulaya ilifunga mlango mwaka 2005 kwa kuogopa mafua ya ndege, na mwaka 2007 ikaufunga moja kwa moja. Mwisho, kwenye mkutano wa CITES wa Johannesburg mwaka 2016, nchi zilipiga kura kumpandisha kwenye orodha ya juu, ile inayokataza biashara ya kimataifa ya kasuku waliotoka porini. Ikaanza kufanya kazi Januari 2017.

Sasa hapa ndipo tulipoona kitu ambacho hatukukitegemea. Ile mikanda ya kwenye video ni mtoto wa sheria hizo. Ndivyo tunavyoona sisi, na tutaeleza.

Kasuku aliyekamatwa porini akiwa mkubwa anamjua binadamu kama adui. Ulimbo, mkono, mkasi, kikapu. Huyo huwezi kumvalisha kitu chochote kifuani bila vita, na ukishinda vita umempoteza. Milango ilipofungwa, waliobaki kuuzwa kule ni wale waliozaliwa kwenye vizimba vya wafugaji, Marekani, Ulaya, na Afrika Kusini ambayo ikawa muuzaji mkubwa. Hao wanafika kwa mwenyewe wakiwa wachanga, wamelishwa kwa mkono wa mtu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kasuku wengi majumbani wasioogopa mkono. Kwa huyo ndiyo mkanda unawezekana. Kufika miaka ya 2000 ilikuwa inauzwa kwenye maduka ya wanyama.

Kitu cha pili kilichobadilika ni ualimu. Miaka ya 1940 kule Marekani, wanafunzi wawili wa profesa B. F. Skinner, Keller na Marian Breland, waliacha chuo wakaanza kufundisha wanyama kwa malipo badala ya kipigo. Mnyama akifanya unachotaka, hata kidogo, anapata chakula mara hiyo hiyo. Asipofanya, hapati kitu, na hakuna fimbo. Mwaka 1955 walifungua nyumba ya maonyesho Hot Springs, jimbo la Arkansas, kuku wanapiga piano na kadhalika. Ni mchezo, ndiyo, lakini njia hiyo ilienda mbali. Halafu mwaka 1977 mwanasayansi Irene Pepperberg alinunua kasuku wa kijivu dukani Chicago, akamwita Alex. Kwa miaka 30, mpaka ndege huyo alipokufa Septemba 2007, alionyesha kwamba anaweza kutaja rangi, maumbo na idadi, na kujua tofauti ya kitu na kitu. Sisi kwa Kiswahili tunasema mtoto anakariri kama kasuku, maana yake hana akili. Pole sana kasuku. Hata Kenya jina lake wameliweka kwenye daftari za shule, labda wao walijua zamani.

Sasa, anavalishwaje? Tumesoma maelekezo mengi na yote yanakubaliana kwenye jambo moja: unaanza akiwa mchanga na hauna haraka.

Kwanza anaachwa aruke ndani ya nyumba, bila mkanda wowote, mpaka ajue kugeuka na kutua. Hilo lina sababu. Asiyejua kuruka ukimvalisha mkanda umemfunga tu kwa njia mpya. Wakati huo huo unamzoesha mkono: unamgusa chini ya bawa, unalinyanyua bawa kidogo, unaliacha. Unafanya duara la vidole viwili, unaweka mbegu ya alizeti upande wa pili, yeye mwenyewe anapitisha kichwa kuifuata. Ni mchezo. Mkanda wenyewe unaanza kama kitu cha kulala tu pale karibu na chakula, siku kadhaa, auone, auume kidogo, auzoee. Ndipo duara la vidole linageuka kuwa duara la mkanda. Akiingiza kichwa anapata mbegu. Akitoa kichwa, sawa, ametoa. Haumvuti. Wote wanaoeleza kazi hii wanarudia neno hilo, haumvuti, kwa sababu ukimlazimisha mara moja tu atakumbuka miezi.

Kuna anayekubali kwa wiki, kuna anayechukua nusu mwaka. Akikubali unafunga, dakika chache, anakula kitu anachopenda mno ili asishughulike kuutafuna, unafungua. Kesho tena. Na hapa kuna jambo la mwili ambalo sisi hatukulijua kabisa: ndege hana ule msuli wa chini ya mapafu tulio nao sisi. Anapumua kwa kusogeza kifua chote, mbele na nyuma. Mkanda ukibana kifua, anakosa hewa huku unamwangalia. Ukilegea sana, bawa linapita ndani na kuvunjika. Kwa hiyo unapimwa kwa kidole, na kila mara kabla ya kutoka unakaguliwa kama hajautafuna.

Kamba inakuja baadaye. Kwanza kipande kifupi chepesi ndani ya nyumba, ajue kuna uzito mgongoni. Pamoja na hiyo anafundishwa kuitwa: unasimama hatua moja, unamwita, anakuja mkononi, analipwa. Hatua mbili. Chumba kizima. Hiyo ndiyo kamba ya kweli kuliko ile ya nailoni, maana siku nailoni ikikatika kitakachomrudisha ni masikio yake tu. Nje anatolewa mara ya kwanza ndani ya kizimba kidogo, aangalie tu: magari, mbwa, watoto, mawingu. Siku nyingine anakaa mkononi na mkanda. Kuruka ni mwisho kabisa, mahali pa wazi pasipo na miti ya kunasa, siku isiyo na upepo, na macho yako juu kwa sababu ya mwewe. Kamba inakuwa na sehemu inayovutika kama mpira ili akifika mwisho asikatwe kwa ghafla, na nguvu inagawanyika kifuani, haiangukii mfupa mmoja. Upande wa pili unafungwa kwenye mwili wako. Si kwenye mti. Si kwenye kiti. Si kwenye msumari.

Wengine kule hawakubali hata hivyo. Wanasema kamba ndefu inanasa, na kwamba mkanda ni wa kutembea naye tu, asirushwe. Sisi tunaona wana hoja. Ila tukilinganisha na mkasi na mnyororo, hatuoni kama ni ubishi mkubwa.

Mmoja wetu alikuwa ameandika hapa aya nzima ya kulinganisha kamba ya kasuku na kibali cha kutoka makazini. Tumeifuta. Sisi si kasuku, na yule kasuku hakufika bustanini kwa kukimbia.

Tuna neno kwa wadogo zetu, na kwa ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma. Maelekezo haya si ya kasuku anayepitishwa barabarani ndani ya kikapu. Huyo ametoka msituni, na kumfuga bila kibali ni kosa kwa sheria za nchi zetu. Tunajua baadhi yenu mnamuona pembeni ya barabara, anatetemeka, mnapata huruma, mnatoa pesa. Mzee wetu wa Maniema alituambia wazi: aliyenunua kwa huruma na aliyenunua kwa biashara wanalipa pesa ile ile, na kesho yake yeye alirudi mtini. Mkimuona, waambieni wahusika wa wanyamapori. Upande wa Kivu Kusini kuna kituo cha Lwiro, karibu na hifadhi ya Kahuzi-Biega, kilichoanza mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe na nyani waliookolewa, na kinapokea na kasuku pia. Kasuku aliyekatwa mabawa hawezi kufunguliwa siku hiyo hiyo. Lazima kusubiri manyoya yaliyokatwa yadondoke na mapya yaote, miezi mingi, halafu ajifunze tena kuruka ndani ya kizimba kikubwa pamoja na wenzake. Mkasi wa dakika mbili.

Tulirudi kwa mzee juzi kumsomea tulichoandika, maana maneno yake yamo. Alisikiliza mpaka mwisho, hakusahihisha kitu isipokuwa jina la mti. Akaomba tumuonyeshe video tena. Aliitazama mara tatu. Pale kasuku anaporudi mkononi alisogeza simu karibu na macho.

Akauliza ile mikanda inauzwa bei gani. Tukamwambia bei tuliyoambiwa na mwenzetu wa Marekani. Alihesabu kwa vidole, kile kisichokunjika kikabaki kimenyooka, akacheka kidogo bila furaha. Kwa pesa ya mkanda mmoja, alisema, yeye alikuwa anatoa kasuku wawili, na chambo juu yake.